Imeongezwa, Haijaongezeka: Somo la Kupanua Diski ya Mashine Pepe ya Linux

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. "Nafasi imeongezwa na fundi" ni sentensi sahihi. "Nafasi imeongezeka na fundi" haisimami, kwa kuwa kauli ya kutendeka haimtaji mtendaji. Inaeleza hali iliyofikiwa, awe ameifikisha nani. Tofauti hiyo tunaijibu kwenye mtihani kisha tunaisahau. Anayepanua diski ya mashine pepe ya Linux hukutana nayo tena bila kutarajia: diski imeongezwa, ameiongeza mwenyewe, kompyuta imemwambia kazi imekamilika asilimia 100, na bado nafasi haijaongezeka hata kidogo. Faili zinakataa kuandikwa kama zilivyokataa jana.

Somo hili linaeleza kwa nini iko hivyo na nini cha kufanya. Limekusudiwa wenzetu wanaokwenda kukusanya sauti mbali na mji, mahali ambapo hakuna fundi wa kuitwa wala intaneti ya kuuliza.

Tuchukue mfano wa Kibombo. Mji huu, ulio kusini mwa Kindu kwenye njia ya reli iendayo Kongolo, una kila sababu ya kumvutia mwanaisimu. Kingwana, yaani Kiswahili cha Kongo ya mashariki kilichofika pande hizo na misafara ya karne ya 19 kupitia Nyangwe na Kasongo, kinaishi hapo pamoja na Kikusu, lugha ambayo Guthrie aliipanga katika kanda C kwa namba C72, jirani ya Kitetela chenye namba C71. Lugha za kanda hiyo zina toni. Kwa hiyo mtafiti hataki sauti iliyobanwa kwa njia inayotupa sehemu ya habari; anataka rekodi halisi, nzima, ambayo mwenzake anaweza kuipima upya baada ya miaka 20.

Rekodi nzima ni nzito. Kinasa sauti kikiwekwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, biti 24, chaneli mbili, kila sekunde inakula baiti 288,000. Zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja, unapata baiti 1,036,800,000, yaani zaidi kidogo ya GB 1. Saa 100 ni zaidi ya GB 103. Ukishusha mpaka sampuli 44,100, biti 16, chaneli moja, saa moja inakuwa karibu MB 318, chini ya theluthi ya ile ya kwanza. Uamuzi huo ni wa kitaaluma na ufanywe kabla ya safari. Ukifanywa siku diski inapojaa, si uamuzi tena.

Sasa, kwa nini mashine pepe? Kwa sababu darasa zima linaweza kutumia mazingira yaleyale ya kazi: programu zilezile za unukuzi, hifadhidata ileile, folda zenye majina yaleyale. Kompyuta ya mmoja inaendeshwa na Windows, ya mwingine ni ya mitumba na hakuna anayejua imewekewa nini, lakini ndani ya kila moja inakaa Linux moja, na Linux hiyo yote ni faili moja kubwa inayoweza kunakiliwa kwenye diski ya nje. Katika msamiati wa fani hii kompyuta yenyewe huitwa mwenyeji, na ile pepe iliyo ndani yake huitwa mgeni. Istilahi hizi mbili zimekaa vizuri katika Kiswahili kuliko nyingi tulizotungiwa, na nitazitumia.

Mfano wetu ni huu. Mwanafunzi anatumia VirtualBox. Mgeni wake ni Ubuntu Server, aliyepewa diski ya GB 40 katika faili iitwayo sauti.vdi. Siku ya tano Kibombo, baada ya kunakili saa kumi na moja hivi za mazungumzo, kunakili kunakatika katikati na ujumbe unasema hakuna nafasi iliyobaki kwenye kifaa. Jambo la kwanza ni kutazama kabla ya kugusa:

df -h /

lsblk

sudo vgs

Amri ya kwanza inaonyesha mfumo wa faili una ukubwa gani na umebaki nini. Ya pili inachora matabaka yote, moja chini ya jingine. Ya tatu inataja nafasi iliyomo kwenye akiba ya LVM. Katika mfano wetu, lsblk inaonyesha hivi: sda ni 40G, ndani yake kuna sda1 ya 1M, sda2 ya 2G ambayo ni ya kuwashia mashine, na sda3 ya 38G, na ndani ya sda3 kuna voliyumu iitwayo ubuntu-lv yenye 19G tu.

Kumi na tisa, si thelathini na nane. Hakuna aliyeiba. Kisakinishi cha Ubuntu Server, kikiachwa kijiamulie, kwa diski ya kadiri hii hutumia karibu nusu ya nafasi ya LVM na kuiacha nusu nyingine kama akiba. Wengi hukimbilia kuongeza diski huku nusu ya diski waliyo nayo haijawahi kuguswa. Katika jibu la vgs, tazama safu ya VFree: ikiandika 19G au karibu na hapo, una saa nyingine 19 za Kikusu bila kuzima mashine na bila kumsumbua mwenyeji. Jinsi ya kuzichukua nitaeleza hapa chini, maana amri ni zilezile. Lakini saa 19 hazitoshi kwa safari ya mwezi, kwa hiyo tuendelee na upanuzi kamili, kutoka GB 40 hadi 160.

Matabaka ni manne, na hapa ndipo kauli zetu mbili zinapoachana. Fikiria shamba. Chifu amekukatia ardhi zaidi upande wa mashariki. Ardhi imeongezwa, neno limetamkwa mbele ya mashahidi. Lakini mpaka wako bado uko palepale ulipokuwa, matuta yako yanaishia palepale, na mavuno ya msimu huu yatakuwa yaleyale. Diski pepe ni ardhi. Patisheni ni mpaka. Voliyumu ni eneo lililofyekwa. Mfumo wa faili ni matuta, na faili hupandwa kwenye matuta tu. Kila tabaka lina ukubwa wake ulioandikwa mahali pake, na hakuna tabaka linalochungulia la chini yake kuona kama limekua. Lazima kila moja liambiwe, kwa zamu, kutoka nje kwenda ndani.

Kabla ya zamu ya kwanza, nakala rudufu. Zima mgeni kwa utaratibu, kisha nakili sauti.vdi yote kwenye diski ya nje. Kama umeme ni wa jenereta au wa jua, hakikisha betri ya kompyuta imejaa; kukuza mfumo wa faili huchukua sekunde chache, lakini sekunde hizo si za kukatikiwa. Kama katika VirtualBox uliwahi kuhifadhi hali za mashine ili uweze kuzirudia, zifute kwanza, maana kila hali iliyohifadhiwa ina faili yake ya diski, na kupanua faili mama hakuzipanui zile zilizotoka kwake.

Zamu ya kwanza hufanyika kwa mwenyeji, mgeni akiwa amezimwa:

VBoxManage modifymedium disk sauti.vdi --resize 163840

Namba hiyo ni megabaiti: 160 mara 1,024. Amri ikimaliza, ndipo asilimia 100 inapoandikwa na mwanafunzi kuwasha mashine kwa furaha. Diski imeongezwa. Akiandika df -h anakuta 19G. Haijaongezeka.

Tahadhari moja kuhusu ardhi hii. Faili ya vdi ya kawaida haichukui GB 160 siku hiyohiyo. Inakua kadiri unavyoandika. Kwa hiyo GB 160 ni ahadi, na anayeitimiza ni mwenyeji. Kama diski halisi ya kompyuta ina GB 70 tu zilizobaki, mgeni ataendelea kuamini ana 160 mpaka siku mwenyeji atakapoishiwa, na hapo mashine pepe itasimama katikati ya kuandika. Hiyo ni ajali mbaya kuliko diski iliyojaa kawaida, kwa kuwa mfumo wa faili wa mgeni hauna habari kwamba kuna kikomo kingine nje yake. Pima nafasi ya mwenyeji kwanza, ndipo uahidi.

Zamu ya pili ni ya mpaka. Ndani ya mgeni:

sudo growpart /dev/sda 3

Kuna nafasi kati ya sda na 3. Kwingine kote tunaandika sda3 kama neno moja, hapa ni maneno mawili: diski, halafu namba ya patisheni. Ukiyaunganisha amri inakataa. Na ikijibu NOCHANGE, maana yake patisheni haina pa kukulia: ama diski haikupanuka kwa mwenyeji, ama kuna patisheni nyingine iliyojenga mara tu baada ya hii. Jirani huyo ni wa kawaida katika mashine za Debian zilizosakinishwa kwa mpango wa zamani, ambapo eneo la kubadilishana kumbukumbu limewekwa mwishoni mwa diski. Patisheni hairuki jirani. Ama jirani ahamishwe, kazi ambayo singependa mtu aifanye peke yake porini, ama uongeze diski ya pili, nitakayoifikia.

Zamu ya tatu ina amri mbili, kwa kuwa LVM ina upande wa nje na upande wa ndani:

sudo pvresize /dev/sda3

sudo lvextend -l +100%FREE /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Ya kwanza inaiambia LVM kwamba patisheni yake imekua. Ya pili inaipa voliyumu nafasi yote iliyo huru. Aliyetaka zile 19G za akiba tu anaanzia hapa, kwenye lvextend, bila zamu zilizotangulia.

Zamu ya nne ni matuta:

sudo resize2fs /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv

Hii ni kwa mfumo wa ext4, ambao Ubuntu huutumia usipochagua mwingine. Kama mashine yako inatumia XFS, amri ni xfs_growfs, na yenyewe hutajiwa mahali ulipopachikwa mfumo wa faili, si kifaa: sudo xfs_growfs / basi. Zote mbili hufanya kazi mashine ikiwa inatumika. Sasa df -h inaonyesha zaidi ya 150G. Nafasi imeongezeka.

Wanaojua wataniambia kwamba lvextend ikipewa -r hufanya zamu ya nne yenyewe. Ni kweli, na baada ya mara ya tatu fanya hivyo. Mara ya kwanza zitenganishe, na katikati yake andika lsblk na df -h uone kwa macho yako tabaka moja likiwa kubwa na la ndani yake likiwa bado dogo. Ni sawa na kuchanganua sentensi kwa matawi kabla ya kuizoea.

Ningependa kukaa kidogo kwenye vitenzi vya amri hizi, kwa sababu msomaji wa jarida hili ataona jambo ambalo vitabu vya kompyuta hulipita. Amri hizo si sawa kwa mwelekeo. Katika growpart na xfs_growfs kitenzi ni "kuza", na kukuza kuna upande mmoja tu. Katika lvextend kitenzi ni "refusha", nacho vilevile. Lakini katika pvresize na resize2fs kitenzi ni "badili ukubwa", na kubadili kuna pande mbili: kukuza na kupunguza. LVM ina pia lvresize, yenye pande mbili, na lvreduce, ya kupunguza peke yake. Kupunguza voliyumu bila kupunguza kwanza mfumo wa faili uliomo ni kukata matuta yenye mazao. Ndiyo maana mtu mwangalifu akitaka kuongeza huchagua kitenzi chenye upande mmoja hata kama cha pande mbili kingefanya kazi ileile. Andika lvextend, iache lvresize.

Tazama pia alama ya kujumlisha. "lvextend -L +60G" inasema iongezewe 60. "lvextend -L 60G" inasema iwe 60. Alama moja mbele ya namba, kama kiambishi awali, inageuza maana nzima. Ukiikosea kwa lvextend, na voliyumu tayari ina 100, amri inakataa kwa kuwa 60 si zaidi ya 100. Ukiikosea kwa lvresize, inaweza kuanza safari ya kupunguza.

Na sisi wenyewe tunasemaje kitendo hiki kwa Kiswahili? "Kuongeza diski" kunasikika sana, na nadhani kunapotosha, kwa sababu kuongeza diski ni kuleta diski nyingine, kazi tofauti kabisa. Kauli ya kutendea inatuokoa: kuiongezea diski nafasi. Nimetumia pia "kupanua", lililo fupi. "Patisheni" na "voliyumu" nimeyaacha kama mikopo kwa makusudi. Kuna wanaopendekeza "kizigeu" kwa patisheni, lakini kizigeu kwa wengi ni ukuta wa kutenga chumba, na katika matabaka yetu kinachokua ni eneo, si ukuta. Isitoshe maneno haya mawili yana sura karibu moja kwa Kifaransa na Kiingereza, kwa hiyo aliyesomea Kindu na aliyesomea Dar es Salaam watasikilizana. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba menyu na ujumbe wa programu huria vinaweza kusemwa kwa Kiswahili. Majina ya amri ni suala jingine. Hayo ni kama majina ya watu, hayatafsiriwi, yanaelezwa.

Baada ya upanuzi, bado kuna mambo mawili yanayoweza kumshangaza mtu. La kwanza: ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu, ili mashine isife kabisa ikijaa. Kwa 158G hiyo ni karibu 8G, saa nane za sauti. Kwenye voliyumu yenye mfumo wa uendeshaji, iache. La pili: -h ya df huhesabu kwa 1,024, na -H huhesabu kwa 1,000. Saa zako 100 ni zaidi ya GB 103 kwa hesabu moja na chini kidogo ya 97 kwa nyingine, na sauti ni ileile. Chagua hesabu moja uandike ripoti yako kwayo.

Kwa kweli, kama ningeombwa kuandaa mashine kwa ajili ya Kibombo tangu mwanzo, nisingepanua diski ya mfumo. Ningempa mgeni diski ya pili, ya sauti peke yake, na kuipachika kwenye /srv/sauti. Diski ya mfumo ikijaa, hifadhidata ya unukuzi inakwama, kumbukumbu za mfumo zinakwama, na kuna programu ambazo zikihifadhi faili palipojaa huiacha ikiwa tupu. Diski ya sauti ikijaa, kinachokwama ni kunakili sauti, basi; unukuzi wa jana unabaki salama. Diski hiyo ikichoka, unaipanua peke yake, na kama hukuikata patisheni wala kuiweka chini ya LVM, matabaka yanabaki mawili tu: diski na mfumo wa faili. Katika /etc/fstab itaje kwa UUID yake, si kwa jina la sdb linaloweza kubadilika, na uongeze nofail ili mashine iwake hata siku ambayo diski hiyo haikuunganishwa.

Turudi kwenye ile faili iliyokatika siku ya tano. Iko pale kwenye folda, ina jina sahihi na tarehe sahihi, na ukiicheza inaanza vizuri. Ni dakika 23 za mazungumzo ya dakika 50. Mwanafunzi aliyechoka anaona jina, anafuta kadi ya kinasa sauti ili kesho iwe na nafasi, na mzee aliyesimulia hadithi hiyo huenda asiisimulie tena vilevile. Kwa hiyo kadi haifutwi kwa kutazama majina. Baada ya kila kunakili, andika sha256sum kwa faili ya kwenye kadi na kwa ile ya kwenye diski. Safu mbili za herufi na namba zikilingana mwanzo hadi mwisho, nakala ni kamili; zikitofautiana hata kwa herufi moja, kadi inabaki kama ilivyo, na unarudi kwenye df -h.